Vidudu Vinarudi Kwao

Jumapili, tarehe 8 Aprili 1979, saa tisa na nusu za alasiri, nilipiga magoti kwenye ukingo wa falaji, mfereji wa maji wa hapa Ibra, Omani, pale juu ambapo mtaa mzima huchota maji ya kunywa, nikakigeuza kitambaa cheupe ndani nje na kukisuuza kwenye mkondo. Nilipoinua kichwa, jirani yetu alikuwa amesimama ng'ambo, mtungi kiunoni, ananitazama.

"Unamwaga nini?" aliniuliza kwa Kiarabu.

Kiarabu kinaniingia masikioni bila ya taabu. Kutoka mdomoni ndiko kunakokwama. Nikamjibu kwamba si kitu.

"Si kitu? Na hicho si kitambaa cha yule Mhindi?"

Nilikikamua, nikakifumbata, nikaondoka bila ya kuaga. Nilimsikia nyuma yangu akisema, wala si kwa ukali, "Mtoto wa watu, hata salamu hana."

Ameninenea kweli, lakini si kwamba sina. Salamu ninayo, inachelewa tu. Mpaka nimeipanga vizuri kichwani, mtu mwenyewe keshapita.

Mimi naishi na bibi yangu, mama yake baba. Baba na mama wote wanafanya kazi Maskati, wanakuja Alhamisi jioni na kuondoka Ijumaa. Bibi amekataa kuhamia huko. Yeye kazaliwa hapa hapa Ibra, akachukuliwa Unguja akiwa bibi harusi, akarudi ameshakuwa mzee, na anasema hatoki tena mpaka atolewe. Kwake yeye huku ni kurudi. Mimi nimezaliwa Unguja na nimekuja nikiwa na miaka kumi na moja, kwa hiyo sijui mimi niite nini.

Skuli wasichana wenzangu si wabaya. Wanazungumza haraka tu. Wakicheka mimi bado nalichambua lile neno, na nikishalielewa wao wameshafika kwenye jengine, na kucheka peke yangu naona haya. Kwa hiyo wakati wa mapumziko nakwenda kwenye mabomba najifanya naosha mikono. Nadhani hakuna mwanafunzi mwenye mikono misafi kama mimi pale skuli.

Nyumba inayotazamana na yetu ilipangishwa mwaka jana kwa mhasibu wa Kihindi wa kampuni inayotengeneza barabara. Mhasibu mwenyewe huenda kambini Jumamosi na kurudi Jumatano, na mkewe hubaki peke yake, hawana watoto. Mwezi mzima tulimuona kwa mbali tu, sari ikipita mlangoni. Halafu siku moja Bibi alikuwa ananigombeza uani, "We mtoto, funika huo mtungi, nshakwambia mara ngapi, mjusi ataingia!" Mara tukasikia sauti kutoka juu ya paa la nyumba ya pili:

"Bibi, shikamoo."

Bibi akanyamaza. Akatazama juu, mkono kwenye paji la uso. "Marahaba. Nani mwenzetu?"

"Mie, Banyani wa Kiponda."

Bibi alicheka mpaka akakaa chini.

Ikaja kujulikana kwamba alizaliwa Unguja, katika mtaa wa Kiponda, na wazee wake walimchukua kwenda kwao Gujarati akiwa na miaka kumi na miwili. Huko hakupata mtu wa kuzungumza naye Kiswahili. Kwa hiyo Kiswahili chake kilisimama pale pale kilipoachwa. Mwanamke wa miaka thelathini na kitu, nywele zishaanza mvi mbele, anazungumza kama mtoto wa uchochoroni. Nikichelewa kwenda kwake ananuna na kuniambia, "Sichezi na wewe." Nilikuwa namwita dada. Mtu mzima wa kwanza niliyemkuta ambaye maneno yalikuwa yanampungukia kuliko mimi.

Bibi aliwaita wote Banyani, kwa jumla. Dada mwenyewe alisema wao ni Majaini, na kwamba kwao jambo kubwa kuliko yote ni kutoumiza, si mtu tu, hata kinachotambaa. Hali nyama, hali samaki, hali yai. Hayo nilikwisha kuyasikia. Lakini hali vilevile kiazi wala karoti wala kitunguu wala thomu, kwa sababu ukivichimba unaua vinavyoishi udongoni.

"Sasa mchuzi wako unanukia nini?" nilimuuliza.

"Mvuje."

Nilipomwambia Bibi akasema, "Ndiyo maana nyumba inanuka hivyo. Nilidhani wana mtoto mwenye shetani." Kwetu mvuje hufungiwa watoto kwenye kitambaa ili wasichezewe na mashetani. Bibi alimpenda dada kwa mazungumzo, lakini chakula chake hakugusa. "Si kwa dini tu," alisema. "Mtu gani anapika bila ya kitunguu?"

Jua likizama, dada alikuwa hali tena mpaka asubuhi.

"Kwa nini?"

"Taa ikiwaka vidudu vinakuja. Vinaanguka kwenye chakula. Unavila na hujui."

"Bibi anasema kula usiku kunaleta kiungulia."

"Na hiyo kweli. Kwa upande wake."

Hilo "kwa upande wake" lilikuwa halimtoki mdomoni. Baba yake alimfundisha kwamba hakuna mtu anayekiona kitu chote mara moja, kwa hiyo kabla hujasema jambo ni hivi, useme kwa upande huu ni hivi, kwa upande ule labda vingine. Nikamwambia nikiandika hivyo kwenye mtihani mwalimu atanipa sifuri.

"Kwa upande wa mwalimu," akasema, na akaendelea kuchambua mchele. Hata mchele aliuchambua kwa ncha za vidole, na akimkuta fukusi anamtoa kwenye kiganja na kumuweka penye kivuli.

Maji ndiyo yaliyokuwa shughuli kubwa. Kila ndoo iliyoingia mle ndani ilipitishwa kwenye kitambaa cheupe cha pamba kilichokunjwa, kizito kiasi cha kutopitisha jua. Akimaliza hakikung'uti kitambaa wala hakianiki. Anakigeuza, anakimwagia maji yaliyokwisha kuchujwa, na yale yaliyobaki yanakwenda kurudishwa pale pale maji yalipochotwa.

"Vidudu vinarudi kwao," alinieleza. "Vya falaji falajini, vya kisima kisimani. Ukivimwaga mchangani vinakufa."

"Ukivitia kwenye maji mengine je? Si maji tu?"

"Vinakufa pia. Si kwao."

Nilijifanya natafuta ndara yangu chini ya kitanda. Sikutaka auone uso wangu.

Kama mwezi kabla ya hiyo Jumapili, alikuja skuli bibi mmoja wa afya na picha zilizochorwa kwenye makaratasi magumu. Alituonyesha mtungi usiofunikwa, nzi, mtoto anayekunywa kwa kiganja, mtoto huyo huyo amelala. Akasema tuchemshe maji, tufunike, tuoshe mikono kabla ya kushika chakula, na mtoto akiharisha asinyimwe maji, apewe zaidi. Siku ile nilielewa kila neno, labda kwa sababu ya picha. Nikatoka skuli mbio mpaka kwa dada. Nilifurahi kwamba mambo yake na mambo ya skuli yamekutana.

"Wanasema tuchemshe ili vidudu vife visituuwe," nilimwambia.

Akacheka. "Mie nachuja ili nisiviue mie."

"Lakini na wewe unachemsha."

Na kweli alikuwa anachemsha. Sufuria ilikuwa jikoni wakati ule ule, inatokota. Aliitazama kwa muda.

"Kwanza nachuja," alisema. "Vinavyoonekana vinarudi. Vilivyobaki, maji yakikaa hivi hivi, vinazaa, vinakufa, vinazaa tena. Nikichemsha, nimekosa mara moja, halafu maji yametulia mpaka kesho. Si kwamba sina dhambi. Nimeipunguza tu."

Sijawahi kumsikia mtu mzima akisema hivyo. Kwa wakubwa ninaowajua mimi jambo ama ni halali ama ni haramu, na wao wako upande wa halali. Tangu siku ile nikaanza na mimi kuchuja na kuchemsha nyumbani. Aliniletea kipande cha kitambaa chake. Bibi alilalamika, "Gesi inakwisha, umekuwa muuguzi sasa?" lakini maji aliyanywa.

Kurudisha vidudu nilijitolea mwenyewe. Dada akienda falajini, wanawake walikuwa hawamtukani, hawamfukuzi. Walinyanyua tu mitungi yao na kusogea, na wakingoja amalize, mazungumzo yanangoja pamoja nao. Mimi nakujua kungojwa huko. Nikamwambia, dada, nipe, mie nitakupelekea. Nikawa nakwenda alasiri, wakati watu wamelala. Kwa muda hakuna aliyeniona.

Jambo nililokuwa silijui ni kwamba falaji ina sheria yake, na wakili wa kuisimamia. Juu kabisa ni pa kunywa. Chini yake ni pa kutawadhia, kisha pa kuogea, kisha pa kuoshea vyombo na nguo, kisha maji yanakwenda kwenye mitende. Na kilichotoka pale juu hakirudi pale juu, hata nusu kikombe ulichobakisha. Mtu aliyezaliwa hapa hafundishwi hilo, kama asivyofundishwa mkono gani wa kulia chakula. Mimi nimetoka Unguja, kwenye mabomba. Dada naye sheria yake ilimwambia rudisha pale pale ulipotoa. Sheria ya hapa inasema usirudishe abadan. Nilikuwa nimepiga magoti katikati ya sheria mbili na sina habari.

Na kitu cha pili: tangu Ijumaa mjukuu wa jirani, mtoto anayeanza kutembea, alikuwa anatapika na kuharisha. Walimpeleka zahanati akapewa unga wa kuchanganya na maji.

Jirani alikuja kwetu siku ile ile, baada ya sala ya alasiri, wakati wa kahawa. Ni kawaida, wanawake wa mtaa hutembeleana saa hizo. Lakini alikuja peke yake na hakuvua ushungi. Alikula tende, alikunywa kahawa yake, akakitikisa kikombe kuonyesha basi. Halafu akasema na Bibi, kwa Kiarabu, mimi nikiwa nimekaa pembeni na sinia la tende magotini:

"Mjukuu wako amemwaga kitu cha yule Banyani pale juu."

Bibi akauweka mdila wa kahawa chini. "Kitu gani?"

"Mimi nijue? Kwenye kitambaa. Na mtoto wetu anatapika tangu Ijumaa. Mimi sisemi ni sihiri. Wapo wanaosema sihiri, mimi sisemi."

"Umeshasema," Bibi akamjibu.

"Basi nimesema. Usiku huu baada ya isha nazungumza na wakili wa falaji. Mwenye ile nyumba ni mtoto wa ami yake huyo wakili. Mwezi huu hauishi, watakuwa wameshatoka."

Hakuwa na hasira. Alisema kama mtu anayesema mtungi umepasuka, lazima utolewe.

Bibi akanigeukia, kwa Kiswahili. "Ulimwaga nini? Sema kweli, na sema upesi."

Nikamwambia. Kitambaa, vidudu, kurudisha, yote. Bibi akasikiliza mpaka mwisho, akamgeukia mgeni, akasema kwa Kiarabu: "Anasema ni maji tu."

Nilisikia maneno yangu yote yamekunjwa yakawa hayo.

"Maji tu hayahitaji kitambaa," jirani akasema.

Nikafungua mdomo mimi mwenyewe. Kilichotoka kilikuwa Kiarabu kibovu, cha kike na kiume kimechanganyika, na sauti yangu ilikuwa ya mtu mwengine. "Ni vidudu. Vidudu vya falaji. Anavichuja kisha anavirudisha. Hataki vife."

Halafu jirani akacheka, kicheko cha puani. "Kwa hiyo anatunywesha wadudu."

"Ungenyamaza, mama, ungenyamaza," Bibi akaniambia taratibu.

Nilikuwa nimelizidisha. Ukweli wote niliokuwa nao nimeutoa, na umekuwa mbaya kuliko sihiri. Nikaona vile itakavyokuwa: mlango ule wa mbele utiwe kufuli, halafu wapangaji wengine, na mimi kutoka Jumamosi mpaka Jumatano nisiwe na mtu wa kusema naye isipokuwa Bibi, ambaye akishakula analala. Watu husema fulani alipata ujasiri. Mimi sikupata kitu kama hicho. Niliogopa tu zile siku kuliko nilivyomuogopa jirani.

Nikanyanyuka. Kwenye mtungi wetu kulikuwa na maji niliyochota asubuhi, sijayachuja bado. Nikachukua bilauri, nikafunika mdomo wake kwa kile kipande changu cha kitambaa, nikayapitisha maji polepole. Kisha nikakitandaza kitambaa kwenye kisahani na kumpelekea jirani kwa mikono miwili. Juu ya ule weupe kulikuwa na kinyuzi chekundu kinajikunja na kujikunjua, na vitone viwili vinaruka.

"Haya si ya Banyani," nilisema. "Haya ni ya mtungi wetu. Nimechota leo pale juu."

Jirani alikisogeza kisahani karibu na macho, halafu akakipeleka mbali, halafu karibu tena.

"Kinacheza," akasema.

Bibi naye akainama. "Na hiki ndicho ninachokunywa mimi?"

"Na mama yako," jirani akamjibu. "Na mama wa mama yako, akaishi mpaka akalisahau jina lake."

Wakacheka wote wawili, safari hii kicheko cha kweli, wazee wawili waliozaliwa kwenye maji mamoja. Mimi sikucheka, nilikuwa nangoja jirani aseme.

Jirani alipomaliza kucheka alikiweka kisahani chini na kufuta vidole. "Sawa. Si sihiri, na anayesema sihiri nitamjibu mimi. Lakini nisikilize, binti. Kilichotoka pale juu hakirudi pale juu. Mama yangu mzazi angerudisha tone ningemshika mkono. Leo wewe umerudisha vidudu. Kesho mwengine atarudisha maji aliyomuoshea mtoto, na nikimkataza atasema, mbona yule? Akitaka kurudisha, achote chini, arudishe chini."

"Chini maji yana sabuni," nilisema.

"Basi asirudishe. Na akirudisha tena juu, mara moja tu, mimi na wakili."

Nilitaka awe mbaya. Ingekuwa rahisi zaidi kwangu. Lakini kila nilivyolizungusha neno lake, kwa upande wake lilikuwa limesimama sawasawa. Mimi mwenyewe, kama ningemuona mtu nisiyemjua anasuuza kitambaa kwenye maji anayokunywa Bibi, ningefanya nini?

Bibi alikubali kwa niaba yetu sote. Mgeni alipoondoka akaniambia, "Nenda kamwambie yeye mwenyewe, upesi kabla ya magharibi. Halafu mguu wako nisiuone tena kule ndani mpaka maneno yapoe."

"Mpaka lini?"

"Maneno hayana saa. Mkono wako umeshaonekana, wasione na mguu. Mie nakaa na watu hawa, mama, na nitazikwa na watu hawa."

Nilimkuta dada anakula haraka haraka, jua lishafika kwenye mgongo wa mlima. Nikangoja amalize, anawe, akae. Kisha nikamweleza, sikuficha hata lile la sihiri. Alikuwa anaukunja upindo wa sari na kuukunjua.

"Ana haki," akasema. "Mie siku zote hizi nawavunjia sheria yao."

"Hukukusudia."

"Hata usipokusudia, imevunjika." Alifikiri kidogo. "Kwetu kila mwaka tunaomba msamaha. Baba, mama, jirani, mwenye duka, wote. Unasema, nisamehe kwa ninalolijua na nisilolijua. Siku yake bado, lakini siwezi kungoja. Mwambie yule mama anisamehe."

"Mwambie wewe."

"Mie Kiarabu sina. Wewe unacho."

Sijapata kuambiwa na mtu kwamba Kiarabu ninacho.

Halafu tukazungumza maji, kwa sababu ndiyo yaliyokuwa yanamtoa au kumbakisha. Asiporudisha, alisema, hawezi kunywa, hayatashuka kooni. Mumewe akijua atampeleka kwa kaka yake Maskati, kwenye nyumba yenye watu wengi na maji ya bomba, wala hatarudi. Na akichota chini, anachota sabuni na povu la nguo za watu, na kuchemsha hakutoi sabuni. Nikamwambia alfajiri hakuna sabuni. Maji yanayofika chini alfajiri ndiyo yale yale ya juu, hayajakutana na mtu bado. Nitakuchotea mie kabla ya skuli, nichuje pale pale, nirudishe pale pale, na ndoo nikuwekee mlangoni.

"Utachoka."

"Kwa upande mmoja."

Alicheka, kisha akaacha, maana ameelewa neno "mlangoni". Nikalazimika kumwambia na hilo, kwamba ndani siingii tena kwa sasa. Alinitazama kama hajasikia.

"Sasa mie nitacheza na nani?"

Papo hapo akajiziba mdomo kwa upindo wa sari. Nafikiri alisikia mwenyewe vile lilivyotoka, mwanamke mzima. Mimi sikucheka. Ndani kulikuwa kunaingia giza, na hakuwasha taa muda wote niliokuwa pale. Ilipoadhiniwa magharibi nikasema kwaheri, yeye akasema haya, kama vile nitakuja kesho.

Jumatatu, baada ya sala ya alfajiri, nilichukua ndoo na kitambaa. Bibi alikuwa bado kwenye msala, tasbihi mkononi.

"Wapi?"

"Falajini."

"Chini?"

"Chini."

Tasbihi ikaendelea. "Angalia, pana utelezi."

Hakukuwa na mtu. Mahali pa kuoshea vyombo mawe yalikuwa makavu na maji yanapita meupe, baridi mpaka kwenye mifupa ya vidole. Nilichota, nikachuja, nikakigeuza kitambaa nikakisuuza hapo hapo. Nilikuwa nafunika ndoo nilipoona miguu ya mtu. Jirani. Hakwenda juu kwanza, aliteremka mpaka nilipo na kusimama na mtungi wake.

Nikamtolea salamu, na safari hii haikuchelewa. Kisha nikalisema lile neno nililolipanga njia nzima: "Jirani yako anakuomba umsamehe, kwa analolijua na asilolijua." Nilikosea pale mwanzo, nikalifanya la kiume, nikarudia.

"Mungu atusamehe sote," akasema.

"Na mtoto?"

"Amelala. Amekunywa ile dawa ya maji na haikurudi."

Akakitazama kitambaa mkononi mwangu. "Hicho kinakunjwa?"

"Kinakunjwa kikawa kizito. Jua lisipite."

Akapandisha juu kuchota maji yake.

Niliichukua ndoo mpaka mlango wa mbele ya kwetu, nikaiweka kizingitini, nikahakikisha kifuniko kimekaa. Nikagonga, nikaondoka pale pale. Nilikuwa nimeshavuka njia niliposikia komeo linavutwa na sauti yake inauliza, "Nani?" Alijua ni nani. Sikuitika, kwa sababu ningeitika ningeingia. Nikasikia ndoo inakwaruza kizingiti, inavutwa ndani.

Nikavaa nguo za skuli, nikaondoka mapema kuliko siku zote, na nilipofika darasani bado hakuna mtu, na salamu nimeshaipanga.